King'ora cha Saa ya Swala

Sitara alikuwa na sauti ndogo, na kazi ya kufunga kamera ilimfaa kwa sababu haikumtaka aseme mengi. Alikuwa akipanda ngazi, akivuta waya, kisha akikaa mbele ya kompyuta ya mteja kupanga kamera ipi iangalie wapi na king'ora kilie wakati gani. Maneno na wateja yalikuwa kazi ya bosi wake, Ansbert.

Jumanne ile alitumwa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, kwenye duka la kanga la mzee Sadalla. Aliyempokea ni mtoto wa mzee, Abdulatif, aliyeishi Upanga na aliyevaa miwani ya jua kichwani hata ndani ya duka lisilo na dirisha. Siku chache nyuma mwizi alikuwa ameingia dukani Ijumaa, saa ya swala, akaondoka na robota zima la kanga mpya.

"Unajua mzee wangu anavyofunga duka Ijumaa?" Abdulatif alimwuliza. "Anaweka stuli mlangoni. Stuli! Anatandika kanga juu yake, huyo anaenda msikitini. Kariakoo hii!"

"Babu yako alifanya hivyo kwenye mlango huu huu," mzee Sadalla alisema kutoka nyuma ya kaunta, mikono yake ikiendelea kukunja kanga. "Mtu akiona stuli anajua mwenyewe ameenda kuswali. Anasubiri."

"Mwizi hakusubiri."

"Huyo mmoja."

"Baba, wa kwanza ndiye anayewaambia wenzake."

Ngazi ya Sitara ilikuwa fupi. Alikuwa bado anafikiria jinsi ya kuomba nyingine wakati mtu mrefu, mwenye mvi na aproni ya bluu, alipoingia na ngazi begani. Alikuwa mzee Elimringi, muuza sufuria na mabeseni wa duka la pili.

"Binti, shuka kwenye hicho kigoda chako utavunjika. Chukua hii."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Waitwa nani?"

"Sitara."

"Eh?"

"Sitara."

"Sadalla, fundi wako betri imeisha. Mpe chai."

"Mpe wewe, Mchaga. Chai yako haijawahi kuvuka ukuta huu bila risiti."

"Sawa, Mpwani. Ijumaa moja utatoka msikitini ukute nimehamia humu, sufuria zimekaa juu ya kanga zako."

"Hamia. Ila masharti ya duka unayajua, utajifunga kanga. Na umbo hilo, sijui ipi itakutosha."

Wote wawili walicheka, na Elimringi akaenda kuleta chai kweli, kwenye kikombe cha bati, na kipande cha mkate. Maduka yao yalikuwa yameshiriki ukuta mmoja tangu wote wawili wakiwa vijana.

Kamera zilipokwisha kufungwa, Sitara alikaa kwenye kompyuta, Abdulatif akiwa amesimama nyuma yake. Alichora mstari mwekundu kwenye picha ya mlango, kutoka nguzo moja hadi nyingine. Yeyote atakayeuvuka mstari ule saa ya swala, alieleza, picha yake itatumwa kwenye simu ya Abdulatif, na kwa majaribio ya wiki za mwanzo, kwenye simu yake yeye fundi pia.

"Picha tu?" Abdulatif aliuliza. "Kelele je?"

"Kuna king'ora. Nimekizima."

"Kiwashe, dada. Picha ya mwizi akiondoka nitaifanyia nini? Niiweke ukutani?"

Alikiwasha. Kutoka kwenye spika iliyokuwa juu ya mlango, mwanamke wa Kizungu alitamka onyo lake taratibu kama mtangazaji wa uwanja wa ndege. Abdulatif alicheka mpaka miwani ikateleza. Kisha akauliza kama inawezekana kubadilisha sauti, na Sitara, ambaye hakujua kudanganya, akasema inawezekana. Abdulatif alishika simu karibu na mdomo, akarekodi mwenyewe.

"Mwizi! Mwizi huyo! Mkamateni!"

Waliijaribu mara moja. Nje, muuza soksi aligeuka. Kuli mmoja alitua mzigo wake chini na kuangaza macho huku na huku, na tayari mkononi alikuwa na ubao aliouokota sijui wapi. Alipoona hakuna anayekimbia, aliutupa ubao na kujitwisha tena.

Sitara aliutazama ubao ule. Alipokuwa chuoni aliwahi kupita Jangwani akakuta kundi limezunguka kitu chini, na baina ya miguu ya watu aliona soli ya kiatu kimoja, imetulia. Hilo hakulisema.

"Kaka Abdulatif, neno hilo tusilitumie. Hapa mtu akiitwa mwizi, hawaulizi."

"Ndiyo maana tunalitumia."

"Wanaweza kuua mtu."

"Wanaweza kuua mwizi. Sikumwita mimi aje."

Alitoka nje, akampigia Ansbert. Bosi wake alikuwa kwenye foleni na hakuwa na muda. "Mteja akitaka king'ora, mpe king'ora, Sitara. Sisi mafundi, si mahakama."

Kwa hiyo alifanya lile dogo alilobaki nalo. Kwenye mipangilio aliweka kuchelewa: mstari ukivukwa, picha itangulie kwenye simu, na king'ora kisubiri nusu dakika. Aliyepokea picha akimtambua mtu, abonyeze "Puuza", na king'ora hakitalia. Abdulatif alinung'unika kuwa nusu dakika ni muda wa kubeba duka zima, lakini alikubali.

Kabla ya kufunga kompyuta, Sitara alimwendea mzee.

"Baba, saa ya swala kuna mtu mwingine anayeingia humu?"

"Hakuna."

"Hata mara moja moja? Nikimjua, nitamwekea utaratibu wake."

"Hakuna, mwanangu. Stuli ikishakaa, hakuna anayeingia."

Aliridhika. Duka la pili, mzee Elimringi alikuwa akigonga sufuria kwa kifundo cha kidole ili mteja asikie inavyolia. Sitara alimrudishia ngazi na kikombe, akamwambia asante, na mzee akamwambia mara nyingine aseme kwa nguvu, maana yeye amezeekea kwenye kelele za bati.

Kile ambacho hakuna aliyemwambia kilikuwa jambo la kawaida mno mtaani pale, kiasi kwamba hakuna aliyekiona kama jambo. Mteja wa mzee Sadalla akija Ijumaa na haraka zake, basi la Lindi linaondoka au meli ya Unguja inajaza, alikwenda duka la pili. Mzee Elimringi aliisogeza stuli, akaingia, akatoa kanga anazozitaka mteja, akaacha malipo chini ya mkasi wa kaunta, akairudisha stuli mahali pake. Desemba, Elimringi na mkewe Josepha wakipanda kwao Machame kwa Krismasi, Sadalla alimfanyia vivyo hivyo, ingawa hakuwahi kujua mfuniko upi ni wa sufuria ipi. Miaka yote hiyo hakuna kati yao aliyehesabu kuwa ameingia duka la mtu.

Ijumaa mchana Sitara alikuwa Upanga, sebuleni kwa mteja mwingine, simu ilipotetemeka mfukoni. Aliangalia picha. Mzee Elimringi alikuwa ameinama mlangoni, mkono mmoja kwenye stuli, na nyuma yake mwanamke mwenye begi la safari alikuwa akiangalia saa. Sitara alitabasamu. Alielewa palepale, na akashangaa kwamba mzee Sadalla hakusema. Alipeleka kidole kwenye "Puuza".

"Puuza" haikuwapo. Mahali pake palikuwa na mstari mwekundu: King'ora kinalia.

Alibonyeza kukizima. Alama ya mtandao ilizunguka, ikazunguka. Alifungua picha ya moja kwa moja. Haikuwa na sauti, na ilikuja kwa vipandevipande. Mzee Elimringi alikuwa ametoka nje na kanga mikononi, ameinua uso kutazama spika, mdomo wazi, kama mtu anayetaka kuuliza nani anapiga kelele. Kipande kilichofuata, kuli mwenye fulana ya kijani alikuwa amemshika shingo. Mzee alizinyoosha zile kanga mbele kwa mikono miwili, akiwaonyesha. Mwanamke mwenye begi alirudi nyuma, kiganja mdomoni, kisha picha ikaruka na hakuwapo tena. Walikuja wengine. Wengi wao walikuwa watu wa kupita, wabeba mizigo na wanunuzi wa mikoani. Wale wenye maduka, ambao wangemjua kwa kisogo tu, walikuwa msikitini, wamesimama safu moja na Sadalla.

Aproni ya bluu ilikwenda chini.

Programu ile ilikuwa na kitufe cha kipaza sauti. Sitara hakuwahi kukitumia. Katika mafunzo walikijaribu kwa kusema "moja, mbili", na hata hapo yeye alimwachia mwenzake. Alikishika kwa kidole gumba na kupiga kelele sebuleni mwa watu.

"Mwacheni! Si mwizi! Mwacheni! Ni jirani! Ni mzee Elimringi, wa sufuria, ni jirani!"

Mwenye nyumba alikuja mbio kutoka jikoni. Sitara hakumwona. Alirudia, akarudia, mpaka koo likachubuka, na hakujua kama sauti ilifika, kwa sababu vipande vya picha viliendelea vilevile, mkono juu, mguu nyuma. Halafu kipande kimoja kilionyesha watu wote wameinua nyuso kuelekea kwake, kwenye kamera. Kilichofuata, nusu yao walikuwa wameondoka. Baada yake, karibu wote.

Alipanda bajaji. Alipofika Narung'ombe watu walikuwa wametoka msikitini, na mzee Sadalla alikuwa amekaa chini, barabarani, kichwa cha jirani yake kikiwa juu ya kanzu yake. "Elimringi," alikuwa akimwita. "Elimringi, we. Mchaga." Mzee Elimringi alikuwa akipumua kwa sauti ya kukoroma. Walimpakia kwenye ileile bajaji. Josepha alikuwa Feri kununua samaki. Alifuata hospitali akiwa bado na mfuko wa vibua mkononi, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia auweke chini.

Kwenye benchi la hospitali, huku madaktari wakiwa ndani, Sitara alifungua mipangilio. Kuchelewa: sifuri. Kumebadilishwa Alhamisi, na Abdulatif.

Abdulatif alikuwa amesimama dirishani. Alimwona anachoangalia.

"Nilikuwa nakwambia nusu dakika ni nyingi," alisema. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Mfumo ulifanya kazi yake, dada. Alivuka mstari. Ningejuaje mimi kwamba ni yeye? Nilikuwa nimesujudu."

Mzee Sadalla alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti, damu ikikauka kwenye kanzu.

"Uliniuliza," alimwambia Sitara.

"Nilikuuliza, baba."

"Nikakwambia hakuna." Alitikisa kichwa. "Nilidhani unauliza watu baki. Elimringi anaingiaje kwangu? Yeye yuko pale. Na ile kamera inamwona kila siku, asubuhi mpaka jioni. Nikajua itakuwa imemzoea."

Sitara alitaka kumwambia kwamba kamera haizoei mtu. Akaona halina faida, akamshika mkono.

Mzee Elimringi alifariki Jumapili asubuhi, bila kufungua macho.

Jumatatu Sitara alikwenda dukani kushusha spika. Abdulatif alimpigia simu akiwa juu ya ngazi. Sauti yake ilikuwa ya chini safari hii, ya mtu asiyelala.

"Dada Sitara, ile rekodi ya Ijumaa bado ipo?"

"Ipo."

"Ifute. Na kule kwenye mipangilio, panapoonyesha nani kabadilisha nini, pafute pote. Polisi wakija tutasema umeme ulikatika. Nakuomba kama kaka yako. Nimwambie nini mzee wangu? Mke wangu ana mimba."

Sitara alilegeza skrubu moja ya spika.

"Na usidhani ni mimi tu," Abdulatif alisema. "Aliyekiwasha kile king'ora mara ya kwanza ni nani? Jina lako limo humo humo. Kampuni haitakutetea. Ansbert nimeshaongea naye, anasema data ni mali ya mteja. Kwa hiyo mteja anakwambia: futa."

Ilikuwa kweli, jina lake lilikuwamo. Alishuka ngazi, akakaa kwenye kompyuta, na kwa mara ya kwanza akaitazama rekodi nzima. Aliitazama kwa sababu alitaka kujua anaombwa afute nini. Nyuso tatu zilionekana vizuri. Mwenye fulana ya kijani alionekana kuliko wote. Alikuwa na ubao. Na Sitara aliona jambo jingine, ambalo mchana ule simu yake iliruka bila kumwonyesha. Pale watu walipoanza kuinua nyuso, mzee Elimringi naye aliinua wake kidogo, kutoka chini, akauelekeza upande wa spika, kisha akakilaza kichwa.

Alinakili rekodi na ukurasa wa mipangilio kwenye flashi, akaondoka bila kufuta kitu.

Jumanne jeneza lilipelekwa Machame. Basi dogo la Kosta lilisimama mbele ya duka la sufuria, kwa sababu Josepha alitaka marehemu apite kwake kwanza. Mzee Sadalla alikuja na begi dogo, amevaa kofia na koti la baridi. Alimwendea Josepha.

"Shemeji, nami nasafiri."

Josepha alimtazama. Walikuwa wakiitana hivyo miaka yote, shemeji kwa shemeji, kwa vijembe na vicheko.

"Usiende, Sadalla," alisema. "Najua hukutaka. Lakini watoto wangu wanalijua duka lililopiga kelele. Nikufikishe mlimani, halafu nikulinde na wanangu mwenyewe? Sina nguvu hizo. Baki."

Mzee alibaki. Alisimama kando ya ukuta wa pamoja, begi mkononi, na hakuna aliyemletea kiti.

Makuli walisaidia kupakia, bila kutaka malipo. Mmoja alichukua begi kubwa la Josepha kutoka mkononi mwake, akalipandisha juu ya gari kwa uangalifu, akalifunga kamba na kulifunika turubai lisije likalowa njiani. Siku hiyo alikuwa amevaa shati jeupe. Sitara alimjua kwa shingo na kwa jinsi alivyoinua mkono.

"Mungu akubariki, baba," Josepha alimwambia. "Ulimfahamu mzee?"

"Sana, mama. Jua kali alikuwa ananipa maji."

Sitara alikuwa hatua chache tu kutoka kwao. Aliifikiria ile safari ndefu iliyokuwa mbele ya Josepha, kutwa nzima kando ya jeneza, akafunga mdomo.

Josepha alipomwona, alimvuta karibu. "Ni wewe uliyepiga kelele wamwache? Wamenisimulia."

"Ni mimi, mama."

"Aliisikia?"

"Aliisikia. Aliinua kichwa."

Josepha aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi, kisha akapanda gari.

Kosta ilipokunja kona, kuli yule alikuwa akijifuta jasho kwa kiganja. Sitara alimsogelea.

"Kaka, Ijumaa ulikuwepo hapa?"

"Mimi? Hapana, dada. Ijumaa nilikuwa Ilala, nashusha saruji." Macho yake yalikuwa mekundu, na machozi yalikuwa ya kweli. "Walimwonea yule mzee. Watu wa hapa wanyama sana."

Aliinama, akachukua kamba yake, akaingia kwenye watu. Sitara alibaki amesimama, hajui kama mtu yule alikuwa akimdanganya yeye, au alikuwa ameshajidanganya mwenyewe kwanza mpaka akaamini.

Kituo cha polisi hakikuwa mbali. Askari wa kaunta, mwanamke wa makamo aliyekuwa akila karanga, aliichomeka flashi kwenye kompyuta. Sitara alimwomba aanze na ukurasa wa mipangilio kabla ya picha.

Askari alisoma kwa kidole. "King'ora kimewashwa, Jumanne." Akaacha kutafuna. "Hapa kuna jina. Huyu ni nani?"

"Ni mimi," Sitara alisema.

Askari alimtazama, akafuta chumvi mikononi, akasukuma kiti kwa mguu kutoka chini ya meza.

"Kaa, mdogo wangu," alisema, na akavuta karatasi tupu.